MREJESHO: Brekipedi za Toyota IST nimebadili mwenyewe

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza kama mtu asiye fundi anaweza kubadili brekipedi za mbele nyumbani, baada ya gari kuanza kulia chuma kwa chuma nikishuka Mlima Nyoka.

Nimeweza. Ilikuwa Jumamosi asubuhi uani, baridi ya Mbeya mnaijua, vidole vinagoma kushika spana. Magurudumu ya nyuma niliyawekea mawe, na chini ya gari stendi. Jeki peke yake siiamini.

Upande wa kushoto pedi ya ndani ilibaki kama milimita 2, ya nje bado nene. Aliyesema nikague pini za kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski), ubarikiwe: moja ilikuwa imeganda kwa kutu. Nikaisugua, nikapaka grisi, sasa inateleza kwa kusukuma na kidole. Ningebadili pedi tu, mpya nazo zingeliwa upande mmoja.

Kurudisha ndani pistoni, ile inayosukuma pedi, ili pedi mpya nene ziingie ndiko kulikonitoa jasho. Nililegeza kifuniko cha mafuta ya breki, nikaweka pedi kuukuu juu ya pistoni, nikabana taratibu kwa klampu. Kalipa niliifunga kwa waya kwenye springi isining'inie kwa paipu yake.

Upande wa kulia, dakika ishirini tu.

Nikawasha gari, nakanyaga breki, pedali hiyooo mpaka chini! Bahati nilikuwa sijaondoka. Kumbe pistoni zilikuwa bado zimerudi ndani. Nikapampu pedali mpaka ikawa ngumu.

Jana nimeshuka Mlima Nyoka kimya kabisa. Nyuma bado panakwaruza kidogo, ila kule ni breki shuu (za ngoma, si za diski na pedi), nitakuja na swali jingine.