Hisia zangu hugeuka ndani ya saa chache ingawa ninatumia dawa: je, niache?

Mwanzisha uzi: Habari zenu wanajukwaa. Ninatumia dawa ya sonona niliyoandikiwa na daktari wa magonjwa ya akili, na ni kweli kwamba usingizi umerudi. Hata hivyo, hasira na majonzi bado hunivamia, hasa mtu wa karibu anapochelewa kunijibu, na baada ya saa chache mimi huwa nimetulia ilhali niliowafokea bado wameumia. Nimeanza kuona kwamba dawa hii hainifai. Naombeni ushauri.

Mchangiaji wa kwanza: Pole sana, ndugu yangu. Usiiache ghafla, kwa sababu kizunguzungu na wasiwasi vinavyoweza kufuata vitakufanya ushindwe kujua kama ugonjwa umerudi au mwili unaidai dawa. Jambo la kumpelekea daktari ni muda ambao hisia hizo hudumu. Katika ugonjwa wa baipola, ambao humpandisha mtu hadi mania (msisimko uliopita kiasi) na kumshusha hadi sonona, kipindi cha mania kwa kawaida hudumu wiki nzima au zaidi, na mtu anaweza kulala saa chache bila kuhisi uchovu. Hisia zinazogeuka ndani ya saa chache kwa sababu ya jambo lililotokea kati yako na mtu mara nyingi zina chanzo kingine, na matibabu yake ni tofauti. Tofauti hiyo ni nzito, kwani dawa ya sonona ikitumiwa peke yake inaweza kumwingiza mwenye baipola katika mania. Kwa hiyo andika kila siku saa ulizolala, kilichotangulia hasira na muda iliodumu. Uliza pia kuhusu kupima thairodi, tezi ya shingoni ambayo ikiwa na hitilafu inaweza kuvuruga hisia.

Mchangiaji wa pili: Naunga mkono, na ninaongeza kwamba hisia za namna hiyo mara nyingi huhitaji tiba ya mazungumzo pamoja na dawa. Ipo tiba ya mazungumzo iitwayo DBT (kwa Kiingereza, Dialectical Behavior Therapy), iliyobuniwa na mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Marekani, ambayo hufundisha kuwa makini na wakati uliopo, kustahimili dhiki, kuzimudu hisia na kuelewana na watu. Inadai mazoezi, tena ya muda mrefu, lakini mimi imenifundisha kuacha ujumbe wa hasira bila kuutuma hadi mapigo ya moyo yatulie.

Mwanzisha uzi: Ahsanteni sana, nitaanza kuandika leo. Limebaki moja: kuna nyakati huwaza kwamba ni heri nisingekuwepo, nami naogopa kumwambia daktari asije akanilaza.

Mchangiaji wa kwanza: Mwambie, tena usingoje miadi ijayo. Kuwa na wazo hilo hakumaanishi kwamba lazima ulazwe. Atakuuliza kama una mpango wowote, kisha mtapanga pamoja utampigia nani na nani akutunzie dawa zako. Wazo likianza kuwa mpango, nenda idara ya dharura saa hiyohiyo, ukiwa na mtu. Je, usiku wa leo uko na nani?

Mwanzisha uzi: Niko na dada yangu. Nitamweleza sasa hivi.