Billy Wagner na Trevor Hoffman: je, idadi ya michezo iliyookolewa inatosha kumpima mrushaji wa akiba?

Msomaji wa Takwimu

Ndugu zangu mnaofuatilia besiboli ya Marekani, naomba ufafanuzi. Trevor Hoffman, mrushaji wa akiba, aliokoa michezo 601, yaani aliingia mwishoni akalinda uongozi wa timu yake hadi ushindi, akachaguliwa kuingia Ukumbi wa Umaarufu mwaka 2018, katika kura yake ya tatu. Billy Wagner, mrushaji wa akiba pia, aliyecheza kuanzia 1995 hadi 2010, aliokoa 422, na alisubiri hadi kura yake ya kumi, ambayo ndiyo ya mwisho kuruhusiwa, ndipo mwaka 2025 akapata asilimia 82.5 ilhali kinachohitajika ni 75. Hata hivyo wapo wanaodai kwamba Wagner ndiye aliyekuwa bora zaidi. Pengo la michezo 179 linapuuzwaje?

Mzee wa Besi ya Tatu

Halipuuzwi, bali linaulizwa limetokana na nini. Kwa kanuni iliyoanza kutumika rasmi mwaka 1969, mrushaji anayeumaliza mchezo huhesabiwa kuwa ameuokoa hata akiingia timu yake ikiongoza kwa mikimbio 3 (alama za besiboli) huku imebaki iningi moja tu (kipindi kimoja kati ya tisa), kazi ambayo warushaji wengi wa kawaida huimudu. Aliyeingia iningi ya saba timu zikiwa sare, wapinzani wamejaa kwenye besi zote, akawazima, haandikiwi chochote katika safu hiyo. Kwa hiyo hesabu hiyo hutueleza kwanza jinsi kocha alivyomtumia mchezaji na ni mara ngapi timu ilimpatia uongozi wa kulinda.

Tazama badala yake kilichotokea kila Wagner aliporusha. Katika iningi 903 aliruhusu mipigo salama 601 na akawapa wapigaji 300 besi ya kwanza kwa mipira mibaya minne, yaani watu 901, pungufu ya mmoja kwa kila iningi. Aliwatoa wapigaji 1,196 kwa straiki tatu, bila mpira kupigwa uwanjani, wakati Hoffman aliwatoa 1,133 katika iningi zaidi ya 1,089. Wastani wa mikimbio dhidi ya Wagner kwa kila iningi 9, bila kuhesabu ile iliyotokana na makosa ya walinzi wake, ni 2.31, na wa Hoffman ni 2.87.

Mtetezi wa Hoffman

Wastani huo nao una kasoro yake, kwa sababu mrushaji wa akiba akiwakuta wapinzani tayari wako kwenye besi, kisha wakafika nyumbani, mikimbio hiyo huandikwa kwa aliyemtangulia. Zaidi ya hayo, iningi 903 ni chache mno, kwani mrushaji anayeanzisha michezo huzifikisha kwa misimu mitano hivi. Na mechi za mtoano tuziweke wapi? Huko wastani wa Wagner ni 10.03, ilhali Mariano Rivera, mrushaji mwingine wa akiba aliyesifika, ana 0.70.

Mzee wa Besi ya Tatu

Kasoro ya wastani naikubali, ingawa haiwagusi sana wamaliziaji kama hawa wawili, ambao kwa kawaida walianza iningi besi zikiwa tupu. Ya mtoano siikubali kwa uzito uleule: Rivera alirusha iningi 141 huko, Wagner hakufikisha 12, na idadi hiyo ndogo huharibiwa na siku mbili mbaya. Rivera simlinganishi na yeyote.

Hoja yako ya uchache wa iningi ndiyo nzito, nayo inapunguza madai ya pande zote mbili. Kipimo kinachokadiria ushindi ambao mchezaji aliiongezea timu kuliko ambavyo mbadala wa kawaida angefanya, kama kinavyokokotolewa na tovuti ya takwimu ya Baseball-Reference, kinawapa wote wawili takriban 28, kwa kuwa Hoffman alirusha zaidi na Wagner alirusha vizuri zaidi. Binafsi, kama ningehitaji mtu wa kulinda uongozi wa mkimbio mmoja usiku wa leo, ningemwita Wagner, lakini kwa mkataba wa miaka 18 ningesaini na Hoffman.