Naomba ushauri: kijiji chetu cha kale Pemba tukiendeshe kwa fedha gani?

Assalam aleikum ndugu zangu. Hapa kwetu, si mbali na magofu ya Ras Mkumbuu, tumesimamisha nyumba za udongo na makuti ili vijana waone wazee walivyoishi. Bibi zetu husuka ukili wa mikeka; makumbi ya nazi waliyoyafukia pwani miezi kadhaa huyafukua, wakayaponda na kusokota nyuzi zake, yaani usumba, kuwa kamba mbele ya wageni.

Tatizo fedha. Makuti yanaoza, na boriti za mikoko hatutaki kukata ovyo. Kiingilio hakitoshi, masika ndiyo kabisa. Kuna rai ya kuweka shamba la mikarafuu wakfu, yaani lisiuzwe na mapato yake yatunze kijiji. Mimi naiafiki, ila mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Aliyewahi kusimamia wakfu kama huu anielekeze: tuanzie wapi, na bibi walipwe kwa siku au kwa mgao?