Muziki mpya umeharibika, au masikio yetu yamezeeka?

Mwanzisha mada, Sakina

Wakuu, habari za jioni. Mwaka huu natimiza 49, nauza vipuri vya pikipiki hapa mtaa wa Sakina, Arusha, na kuna jambo nalifanya kwa kificho kama mtu anayevutia sigara nyuma ya choo: kila Ijumaa nikishafunga hesabu, nasikiliza nyimbo mpya zilizotoka wiki hiyo. Nilianza kwa ubishi. Mwanangu wa kidato cha nne aliniambia muziki hauna tatizo, ila mimi nalilia ujana. Nikaapa nitamletea ushahidi.

Ushahidi umenigeuka. Ngoma za sasa zinapigwa vizuri kuliko za wakati wetu, na sauti zipo. Sisi tulikuwa tunaivizia redio, kidole kwenye kitufe, kanda ya dakika 60 ndani, mtangazaji anaongea juu ya ubeti wa mwisho, na bado tulijiona tumepata mali. Kwa hiyo sisemi muziki umeharibika. Kinachoniuma ni kwamba mimi simo. Kwenye nyimbo kumi, sita mtu kapenda jana, tatu kaachwa leo asubuhi, mmoja ana hela na maadui. Hakuna anayedaiwa ada. Hakuna aliyemzika mzazi Jumamosi na Jumatatu akafungua duka. Hakuna mwenye ndoa ya miaka 22 (nimesema ndoa, si mke).

Dansi, muziki wa bendi, ilijua kuzeeka. Mwimbaji Muhidin Gurumo, mzaliwa wa 1940, alikuwa NUTA Jazz tangu bendi inaanzishwa 1964, akapita bendi ya Sikinde, akarudi Msondo (ndiyo NUTA ile ile kwa jina jipya), akatangaza kustaafu 2013 na kutuaga mwaka uliofuata. Watu walizeeka naye. Wa kwetu wa Bongo Fleva walipofikia umri wa kuwa na la kusema, wakaenda kulisemea kwingine. Rapa Sugu bungeni 2010. Professor Jay 2015. Mwana FA 2020, kisha naibu waziri 2023. Hata Nikki wa Pili wa kundi la Weusi, chalii wetu kabisa wa Arusha, 2021 akateuliwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe. Sina kinyongo, mtu ana haki ya kupanda ngazi. Lakini nani kabaki kutuimbia?

Hoja ninayoiweka mezani: msanii aliyevuka 40 ana deni kwetu la kuuimba umri wake, na redio zina deni la kumpigia. Nipingeni.

Chalii wa Ngarenaro

Shikamoo mzee. Nakupinga.

Kwanza, ulipokuwa na miaka 20 ulikuwa unamsikiliza nani wa miaka 50? Ulikuwa unasikiliza machalii wenzako, na baba yako akisema ni uhuni. Bongo Fleva yenyewe iliitwa muziki wa kihuni mpaka waliouita hivyo wakachoka. Kundi la X Plastaz walipotoka hapa hapa Chuga, yaani Arusha, wakamweka Mmasai Merege na sauti yake ya kimorani juu ya biti ya hip hop, mnadhani wazee wa enzi hizo walipiga makofi? Leo ninyi ndio mnawataja kama kumbukumbu ya taifa.

Pili, wimbo unaishi kwa kurudiwa. Mimi nikiupenda naurudia mara arobaini kwa siku, naucheza, namtumia demu wangu. Wewe mzee ukiupenda unasema "huyu dogo kajitahidi", halafu unarudi kwa Marijani Rajab wa dansi. Msanii ale nini? Rapa Joh Makini bado yupo na bado anaandika. Sema kweli, mara ya mwisho umemsikiliza kwa kulipia bando lako lini?

Nesi, Pasua, Moshi

Mimi nachangia upande wa masikio yenyewe, maana mnayasingizia na mnayaonea kwa pamoja.

Kadiri umri unavyokwenda, sikio hupoteza kwanza sauti nyembamba, za juu. Humo ndimo zilimo herufi kama s, f, sh na t. Besi nzito inabaki unaisikia vizuri tu. Sasa chukua wimbo ambao besi imejaa chumba kizima na mwimbaji anatamka haraka: kijana anasikia maneno, wewe unasikia mngurumo na irabu. Halafu unasema "siku hizi hawaimbi maneno". Wengine kweli hawaimbi maneno, lakini si wote! Na ukiwa umefanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kusaga au gereji bila kinga, hali hiyo inakuja mapema zaidi.

Kuhusu kumbukumbu pia, mtu mzima akiulizwa maisha yake, mengi yanayomjia kwa haraka ni ya kati ya miaka kama kumi na thelathini. Nyimbo zimo humo humo, zimeshikana na shule, na mapenzi ya kwanza, na nauli ya kwanza uliyolipa kwa hela yako. Wimbo wa Ijumaa iliyopita haujashikana na kitu. Unaupima peke yake, ule wa zamani unaupima pamoja na ujana wako mzima. Hiyo mizani haiko sawa.

Mangi wa Kiboriloni

Nina baa, kwa hiyo nitawaambia kinachoingia kwenye droo. Desemba Wachagga wakirudi nyumbani, hapa wanakaa wa umri wote meza moja, mjomba kutoka Dar na mpwa wake. Ikifika saa mbili usiku naweka zilipendwa. King Kiki akianza tu na Kitambaa Cheupe chake, leso nyeupe zinatoka mifukoni, na kreti zinatoka stoo. Saa tano vijana wanamzonga DJ wanataka amapiano. Naweka. Wanacheza vizuri sana, jasho linawatiririka, na soda moja inakwenda watu watatu mpaka saa saba.

Kwa hiyo chalii wa Ngarenaro asituambie wazee hatuna soko. Hela tunayo, tunaitumia mezani badala ya kwenye simu, na msanii haoni hata shilingi ya kreti yangu. Shida ninayoijua mimi ni nyingine: nyimbo zangu za saa mbili ni zile zile thelathini kwa miaka kumi na mbili. Nikitafuta mpya ya kuongezea, kwa watu hao hao, kwa mwendo huo huo, sipati. Mwenye nayo aniletee.

Mama wa Usa River

Nimesoma toka juu nikisubiri mwanaume mmoja aitaje taarab. Hakuna!

Baba wa Sakina, unalia hakuna nyimbo za watu wazima. Mke mwenza, wifi, jirani anayehesabu sufuria zako, mume aliyeondoka akarudi akakuta kufuli jipya, hizo ni nyimbo za watoto? Khadija Kopa yupo jukwaani tangu wengine hamjaoa. Bi Kidude alikufa Aprili 2013 akiwa ajuza kabisa, na hadi uzeeni alikuwa akipanda jukwaani na ngoma yake, akiimba mambo ambayo hapa siandiki. Muziki wa umri wako upo. Umeupita kwa sababu wanaouimba ni wanawake, na wewe umeshauweka kwenye kapu la "umbea wa uswahilini".

Na hiyo singeli mnayoikimbia mkiisikia, sikilizeni kinanda chake vizuri. Vijana wa uswahilini Dar walichukua vipande vya taarab wakavikimbiza mpaka vikapitiliza mapigo 200 kwa dakika. Ni sisi, ila tumewekewa mbio.

Mwanzisha mada, Sakina

Mama, hapo umenikamata shati. Nimeangalia orodha yangu ya Ijumaa zote: taarab sifuri. Sina utetezi. Mke wangu kasoma maoni yako, kacheka mpaka kakaa chini.

Nesi, nitakwenda kupima masikio. Ila bado natetea nusu ya hoja yangu, na mangi kanisaidia bila kujua: pengo lipo kwenye muziki wa wanaume wa rika langu. Kwetu mwanaume akiimba baada ya 40, anaimba kama ana 25 au anahamia injili. Remmy Ongala alimalizia kwenye injili, na sibishani na wokovu wa mtu. Lakini hapo katikati, kati ya klabu na madhabahu, kuna miaka ishirini haina wimbo.

Kitu kingine kimenijia usiku. Gurumo alizaliwa Masaki, Kisarawe. Wilaya ile ile aliyopelekwa Nikki wa Pili! Sijui nikifanyie nini kibahati hicho, nimeona tu nisikiache.

Konda, kifodi (daladala) cha Kwa Mrombo

Wazee wangu shikamooni. Mimi ndiye mnayeniambia "punguza, kijana" kila asubuhi. Sauti naiweka juu kwa sababu saa kumi na mbili abiria wanasinzia, wanapitiliza kituo, halafu wanagoma kulipa nauli ya kurudi. Singeli inawaamsha, sina sababu nyingine.

Lakini mzee wa Sakina nadhani nakujua, wewe si ndiye unayekaa siti ya mbele na kimfuko cheusi? Kesho nakuwekea Gurumo kuanzia Sakina mpaka mjini. Abiria wakipitiliza, nauli zao unalipa wewe.