Shuka kuukuu linachanika pembeni ya mshono, nifanyeje?

Kiraka_Wazi (mleta mada)
Wadau, habari za kazi. Natengeneza sanaa kwa vitu vilivyotupwa: mikebe, miavuli iliyovunjika, nguo zilizochakaa. Mwezi mzima sasa nahangaika na shuka la marehemu bibi. Lilikuwa kwenye rundo la kuchomwa, nikaliokoa. Pale katikati alipokuwa akilala pamelika hadi ukilinyanyua unaona mwanga. Nimeziba matundu na kulishonea vipande vya mkebe kwa uzi wa nailoni. Kila baada ya siku mbili tatu nakuta tundu jipya pembeni kabisa ya mshono, refu kuliko lile nililoziba. Na bati linapogusa kitambaa pameota doa la rangi ya kutu. Halafu, kiraka nikifiche au kionekane? Hilo linaninyima usingizi.

BandiMoja
Pole sana. Tatizo ni huo uzi. Nailoni haikatiki, kwa hiyo kikivutwa kinachoachia ni kitambaa. Sisi tunaorekebisha nguo za zamani tunataka uzi uwe dhaifu kuliko nguo, ili ukatike wenyewe kwanza. Uzi utaurudishia jioni moja, shuka la bibi hutalirudisha.

Fumua taratibu. Tandika chini yake kitambaa kizima chepesi, upige bandi (mishono mirefu ya kushikiza tu) kwa uzi mwembamba wa pamba. Sindano iingie mahali palipo pazima, mbali na ukingo wa tundu, na usivute hadi pakunjamane. Uzito wa bati ubebwe na kitambaa cha chini.

Koleo
Kuhusu doa: mkebe ni chuma kilichopakwa bati juu. Ukikata, ukingo unabaki wazi na kutu inaanzia hapohapo, na kutu inakula pamba. Piga msasa kingo zote, hata ndani ya vitundu vya sindano maana ndivyo vinavyokata uzi, kisha paka vanishi pande zote mbili. Iache ikauke kabisa.

Usibane sana pia. Mtazame msanii El Anatsui, mzaliwa wa Ghana, 1944. Anaunganisha maelfu ya vifuniko vya chupa kwa waya wa shaba, na alumini yote ile inaning'inia na kujikunja kama kitambaa, kwa sababu kila kifuniko kina nafasi ya kucheza.

Kibuyu
Mimi nasema kionekane. Mwaka 2012 huko Kassel, Ujerumani, msanii Kader Attia alionyesha vitu vya Afrika vilivyotiwa viraka na kushonwa waziwazi, pamoja na picha za wanajeshi wa Vita vya Kwanza vya Dunia walioshonwa nyuso. Ukiviona pamoja unaelewa kwamba anayeficha mshono anataka tuamini jeraha halikuwepo. Ila pale bibi alipolala, mimi ningepaacha bila bati kabisa. Pale pana yeye tayari.

Kiraka_Wazi (mleta mada)
Asanteni sana, kweli. Kibuyu, umenigusa, bati la katikati nimelitoa leo asubuhi. Nailoni nimefumua hadi nusu. Imeacha msururu wa vitundu vidogo kila sindano ilipopita, na nikilinyanyua dirishani vinaonekana vyote. BandiMoja, hivyo nitaviacha vilivyo. Kitambaa cha chini nimekiloweka, kesho natandika.