Wabunifu majengo mnaogongea mihuri kazi msizozijua, mnatuumiza!

Wakuu, nina hasira na sitapunguza makali.

Kiwanja changu kipo Goba, Dar, kwenye mteremko. Mbele kiko sawa na barabara, nyuma kinashuka bondeni. Nilimweleza mbunifu tangu siku ya kwanza na picha nikamtumia. Nikaomba namba ya usajili, akanipa. Nikaihakiki: ni halali, ipo kwenye orodha ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Ndipo nikalipa milioni moja na laki nane.

Juzi fundi kafungua ramani saiti, kaniuliza, "Bosi, hii nyumba ni ya hapa kweli?"

Ardhi imechorwa tambarare kama meza. Mshale wa kaskazini unaelekea barabarani, wakati barabara iko magharibi, na vyumba vya kulala vyote vimepangwa upande huo huo. Yaani wanangu walale kwenye kuta zilizopigwa na jua la jioni mpaka linazama. Paa ni la kuficha, lile linalozibwa na ukuta mfupi pembeni, na mfereji wake wote wa ndani una bomba moja la kushushia maji. Kwa masika ya Dar, Machi hadi Mei, hayo maji yataishia kwenye jipsamu ya dari. Na karatasi ya tatu, kona ya chini, limebaki jina la mteja mwingine, wa Mwanza!

Nilipobana, ukweli ukatoka. Mchoraji ni kijana anayeuza ramani mitandaoni. Mwenye namba anagonga muhuri, anachukua chake. Nilipompigia akanijibu, "Hayo marekebisho madogo, fundi atayamaliza huko huko."

Madogo? Msingi wa nyuma lazima upandishwe kozi kibao za tofali ambazo hazimo kwenye makadirio, na nondo zake, na zege lake, bado kifusi cha kujazia. Hela niliyopanga inifikishe kwenye linta, juu ya milango na madirisha, inaishia chini ya jamvi la sakafu.

Kijana simlaumu sana. Ninayemlaumu ni huyu msomi mwenye muhuri. Sheria Na. 4 ya 2010 inasajili wabunifu ili mwananchi awe na mtu wa kumshika nyumba ikileta shida. Ukigonga muhuri umesema kazi ni yako na unaibeba. Sasa unaibebaje nyumba ambayo hata kiwanja chake hujakikanyaga?

Mnaotafuta mbunifu, namba peke yake haitoshi. Mwenye namba aje mwenyewe kiwanjani kabla hamjatoa hata shilingi, aone maji yanakoelekea na jua linakotokea, na muandikishiane kwamba atakuja tena msingi ukichimbwa. Akitoa visingizio, achaneni naye.

Mimi nataka hela yangu irudi na nataka bodi imwite. Ramani zote, risiti na meseji zake ninazo. Kuna aliyewahi kumshitaki mbunifu pale bodi? Ulianzia wapi, na walikusikiliza?