Miche ya maua isiyo na majina: tuandike nini kwenye vibao?

Mama Bustani, Kinondoni:
Habari zenu ndugu. Kikundi chetu cha akina mama kinaandaa mauzo ya miche ya maua ili kutunisha mfuko, na mingi tumepewa na majirani ambao wenyewe hawajui majina yake. Tuna vipandikizi vya bogenvilia ambavyo bado havijachanua, franjipani yenye maua meupe, na kichaka chenye maua ya njano yenye umbo la kengele, ambacho mwenzetu mmoja anakiita alamanda na mwingine anakataa katakata. Programu ya simu nayo hutoa jibu jipya kila tunapopiga picha. Naomba mwongozo.

Fundi Kitalu, Mwenge:
Mama, anza na hicho cha njano. Shika tawi ukague kifundo, yaani mahali majani yanapochipukia: alamanda (Allamanda cathartica) huota majani mapana kiasi, kwa kawaida matatu au manne kwenye kifundo kimoja, na tunda lake lina miiba. Ikiwa majani ni membamba, yanaota moja moja kuzunguka tawi, na tunda ni la kijani lisilo na miiba, hiyo ni Cascabela thevetia, ambayo mbegu zake zina sumu inayovuruga mapigo ya moyo na imeshaua watu. Utomvu mweupe usikupe jibu, kwani mimea yote miwili inao. Kuhusu programu, picha ya ua peke yake haitoshi. Piga ua, jani na tunda la mche uleule, kila kimoja kwa karibu.

Mwanafunzi wa Botania, Ubungo:
Naongezea kuhusu franjipani. Tazama ncha ya jani: ikiwa ya mviringo, yaelekea ni Plumeria obtusa, ikiwa imechongoka, ni Plumeria rubra, ambayo hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Rangi nyeupe haiamui lolote, maana rubra pia ina maua meupe, na kwa kuwa aina hizi mbili huchanganywa kupata machotara, jani lililo katikati ya hali hizo mbili liandikiwe “Plumeria” tu. Bogenvilia ni rahisi zaidi, kwa sababu kipandikizi hufuata rangi ya mmea mama. Muulize jirani, kisha andika “Bogenvilia, zambarau” na kuishia hapo. Kubuni jina la kifahari ili kupandisha bei, kama wafanyavyo baadhi ya wauzaji wa barabarani, ni kumdanganya mnunuzi. Mkikwama kabisa, kausheni tawi lenye ua na majani katikati ya magazeti, mkaombe msaada kwa wataalamu wa mimea pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Fundi Kitalu, Mwenge:
Vibao vikatwe kutoka kwenye ndoo kuukuu ya plastiki nyeupe, na maandishi yawe ya penseli, kwani wino wa kalamu nyingi hufifia kwa jua letu hili. Kwenye franjipani ongezeni kwamba utomvu wake unaweza kuwasha ngozi.

Mama Bustani, Kinondoni:
Nashukuruni sana. Nimekagua kichaka: majani ni membamba, yameota moja moja, na tunda halina mwiba hata mmoja. Kwa kuwa wateja wetu wengi huja na watoto, tumekubaliana kukiondoa mezani, na jirani aliyetupatia ameshaarifiwa. Franjipani zote zina ncha ya mviringo, isipokuwa mbili ambazo nitaziandikia jina fupi kama mlivyoshauri.